Je, Kubahatisha Kuna Mazoezi?

Neno "mazoezi" ni neno jema, na watu wakitaka kupitisha kitu mlangoni kisikaguliwe hukivika nguo ya neno jema. Mtu akikaa barazani tangu alasiri mpaka isha akicheza karata, ukimwuliza atakwambia anapumzisha akili. Kijana akishinda na simu mkononi tangu asubuhi, akigonga kioo kwa kidole gumba, siku hizi hasemi tena kuwa anacheza. Husema anafanya mazoezi. Mazoezi ya nini? Hapo ndipo penye mas'ala yetu ya leo, ndugu msomaji, na nakuomba usiyadharau kwa udogo wa jina lake, kwa kuwa ndani yake mna mali ya watu, mna haki ya ndugu kwa ndugu, na mna mlango ambao vijana wetu wengi wanaingilia kwenye kamari bila ya kujua kuwa wameshaingia.

Msomaji wa Pwani huenda hajapata kulisikia jina la Uchindile. Ni kata ya wilaya ya Kilombero, mkoa wa Morogoro, mbele ya Ifakara na Mlimba, pale reli ya TAZARA inapoacha mashamba ya mpunga ya bondeni na kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Reli hiyo waliijenga Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia mwaka 1970, wakaimaliza 1975, ikakabidhiwa 1976, nayo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Kipande hicho cha kupanda kutoka Mlimba ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote, kwa mahandaki yake na madaraja yake. Leo milima ya huko ina misitu ya kupandwa ya misonobari na mikalitusi, na vijana wengi hupata kibarua humo. Waislamu wa huko wametawanyika, na mgeni mwenye kilemba akishuka pale stesheni haipiti magharibi ila ameshaulizwa mas'ala matatu au manne.

Mimi niliulizwa hili. Alinijia baba mmoja mwenye duka dogo, akiwa na mwanawe wa miaka 15. Kijana akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, sheikh," nikamwitikia, kisha akainamisha kichwa. Baba akaeleza. Alimpa mtoto shilingi 18,000 aende akamlipie deni la mbegu. Mtoto alipofika stesheni akakuta vijana wanaongoja treni wakicheza jiwe, karatasi, mkasi, kila mkono kwa shilingi 500. Akaingia. Hakuingia kwa ujinga, maana miezi miwili mizima alikuwa na programu ya mchezo huo katika simu, naye alikuwa akiifunga mara 80 katika kila 100. Akakutana na kibarua mmoja wa Mlimba ambaye hana hata simu ya kioo, akamtoa zote 18,000.

Nikamwuliza kijana, "Ewe mjukuu wangu, umejifunza nini?" Akanijibu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema, "Sheikh, mazoezi yangu yalikuwa bado."

Baba naye akaniuliza: "Sasa, sheikh, nimnyang'anye simu, au nimwache ayamalize hayo mazoezi?" Aliuliza kwa dhati, kwa kuwa amesikia kwamba ulimwenguni wako vijana wanaolipwa kwa kucheza gemu. Ni kweli wako.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wawili huhesabu pamoja mpaka tatu, kisha kila mmoja hutoa mkono. Ngumi ni jiwe, kiganja kilichokunjuliwa ni karatasi, vidole viwili ni mkasi. Mkasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe, jiwe huvunja mkasi. Hapana mkubwa wala mdogo. Kila mmoja ana anayemshinda na ana anayemshinda yeye. Wanaoandika tarikhi ya michezo wanasema asili yake ni China, na Wajapani wakaupokea wakauita janken, kisha ukaenea. (Sisemi kwamba ulifika Uchindile pamoja na reli. Watoto wana njia zao za kusafirisha michezo, na hawakati tikiti.)

Wala usidhani ni mambo ya watoto peke yao. Huko Toronto, Kanada, kuanzia mwaka 2002 yalifanywa mashindano ya dunia ya mchezo huu. Na mwaka 2005 huko Japani, tajiri Takashi Hashiyama, mkuu wa kampuni ya Maspro Denkoh, alitaka kuuza picha za kampuni yake, miongoni mwake kazi za Cézanne, Picasso na van Gogh, thamani yake ikikaribia dola milioni 20. Kampuni mbili kubwa za mnada, Christie's na Sotheby's, zote zilimfaa sawa, akashindwa kuchagua. Akawaambia wacheze jiwe, karatasi, mkasi. Christie's wakatoa mkasi, Sotheby's wakatoa karatasi, na kazi ikaenda kwa Christie's. Mkubwa mmoja wa Christie's alikuwa amewauliza binti zake pacha wa miaka 11, nao ndio waliomshauri aanze na mkasi.

Kisa hiki cha Japani wengi hukisimulia kwa kucheka, lakini mimi sioni kosa la yule tajiri. Alichokifanya ni kura, na kura ina asili katika dini yetu. Qur'ani inatueleza habari ya Nabii Yunus (A.S.) na kura ya merikebuni, na habari ya wale waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea Bibi Maryam. Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka safari alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na hadithi hiyo imo katika Sahihi mbili. Basi watoto wawili wakitoa mikono ili wajue nani atakwenda kuchota maji na nani atabaki kufagia, hiyo ni kura yao, na mzazi asiwakemee.

Lakini hapa tazama jambo ambalo aghlabu halitazamwi. Uadilifu wa kura umesimama juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kwamba hapana yeyote aliyeifanyia mazoezi. Ndugu mkubwa akiwa amejifunza kwa miezi miwili namna ya kujua mdogo wake atatoa nini, kisha kila asubuhi akamwambia, "Haya tutoe mikono tujue nani ataenda kisimani," basi mdogo huyo atachota maji mwaka mzima akidhani ni bahati yake mbaya. Hiyo imekuwa dhulma yenye sura ya kura. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye fedha, tayari tumekwisha ona kwamba neno "mazoezi" katika mchezo huu si neno safi kama lilivyo katika kukimbia au kuogelea. Anayefanya mazoezi ya kukimbia haondoi kitu kwa mwenziwe. Wote wawili wanajua kuwa wanashindana miguu.

Sasa twende kwenye fiqhi. Wanazuoni wa zamani wa madhehebu yetu ya Imam Shafi hawakuuandikia mchezo huu kwa jina, lakini walituachia kipimo. Ukifungua Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa Pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, utayakuta mas'ala ya michezo katika kitabu cha ushahidi, pahali ambapo msomaji mgeni hangepadhania. Swali lililomsumbua kadhi lilikuwa: mtu huyu achezaye, kauli yake ipokewe au isipokewe? Hapo ndipo nardi, yaani mchezo wa dadu, ilipohukumiwa kuwa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, na hadithi yake iliyomo katika Sahihi Muslim ni kali mno, inamfananisha mchezaji na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Ama sataranji, kwetu sisi ni makuruhu. Maimamu wengine watatu walikuwa wakali kuliko hivyo.

Kisha likaja swali la tatu juu ya mchezo uitwao hizza, ambao ni ubao uliochimbwa vishimo safu kwa safu, ndani yake vikatiwa vijiwe. Msomaji ameshautambua: ni ndugu wa bao. Wako waliosema hizza ni kama nardi, na wako waliosema ni kama sataranji. Imam Rafi'i, aliyefariki mwaka 623 Hijria, akaamua kwa kipimo: kama tegemeo la mchezo ni kile kitakachotolewa na dadu, basi hukumu yake ni ya nardi, na kama tegemeo lake ni fikra, hukumu yake ni ya sataranji. Kwa kipimo hicho bao letu la mashimo 32 na kete 64 limesalimika, maana katika bao hapana kilichofichwa. Kete zote ziko mbele ya macho yako na macho ya mwenzio, na aliyeshindwa ameshindwa kwa kuwa hakuona mbali. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Unguja na ukomo wa akili zao. Wako mabingwa wanaoweza kucheza bila ya kulitazama bao, wakizihesabu kete kichwani. Hayo si mageni kwa wasomaji wa vitabu vyetu, kwa kuwa imepokewa kwamba tabii Said bin Jubair alikuwa akicheza sataranji hali ameipa mgongo.

Basi jiwe, karatasi, mkasi ni upande upi? Mtu atasema upesi: ni nardi tu, kubahatisha tupu. Nami nasema, ngoja. Mkono si dadu. Dadu halina nia, halina hofu, halikumbuki lilivyoanguka mara iliyopita. Mkono wa binadamu unaongozwa na moyo wa binadamu, na moyo una mazoea.

Watu wa hesabu wameupima mchezo huu. Mmarekani John Nash alithibitisha mwaka 1950 kwamba kila mchezo wenye wachezaji wa idadi maalumu na njia za idadi maalumu una mizani yake, pale ambapo hapana mchezaji atakayepata faida kwa kubadili mwendo wake peke yake. Katika mchezo wetu mizani hiyo ni nyepesi: toa jiwe theluthi moja, karatasi theluthi moja, mkasi theluthi moja, na usiwe na mpango wowote unaoweza kutambulikana. Mwenye kufika hapo hapana duniani atakayemzidi. Lakini na yeye hatamzidi yeyote. Atashinda theluthi, atashindwa theluthi, na theluthi watakwenda sare, akicheza na bingwa au akicheza na mtoto wa miaka 4.

Fikiri maana ya jambo hili. Katika bao, kadiri mtu anavyojifunza ndivyo anavyozidi kuona. Katika kuogelea, ndivyo anavyozidi kwenda mbali. Katika mchezo huu, aliyejifunza mpaka ukomo wa kujifunza amegeuka dadu. Hiyo ndiyo daraja ya juu kabisa ya mazoezi yake, kufanana na kipande cha mfupa kisicho na akili, ambacho kwa ajili yake mchezo wa nardi uliharamishwa. Sijui mazoezi mengine yanayomfikisha mtu mahali kama hapo.

Mtu atanijibu kwamba watu hawafiki huko, na ni kweli. Mwaka 2014 wataalamu watatu wa China walieleza jinsi walivyowachezesha mchezo huu wanafunzi 360 wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, makundi ya watu sita sita, mara 300 kila kundi. Ukihesabu jumla ya mikono yote, utaona watu wametoa theluthi theluthi kama mizani inavyotaka. Lakini ukimfuata mtu mkono kwa mkono unaona jambo jingine: aliyeshinda huelekea kurudia alichotoa, na aliyeshindwa huelekea kubadili, na kubadili kwake kuna mpango ambao yeye mwenyewe haujui. Basi hapo pana nafasi ya fikra, nayo ni fikra ya kumsoma mwenzio.

Nilimwambia yule kijana anitajie mikono aliyoikumbuka. Akakumbuka saba ya mwanzo: jiwe, karatasi, mkasi, jiwe, karatasi, mkasi, jiwe. Kila aliposhindwa alipanda ngazi moja kwa mpango ule ule wa jina la mchezo, na yule wa Mlimba akawa anamngoja ngazi moja mbele: akatoa karatasi, kisha mkasi, kisha jiwe. Kibarua yule hakuwa na haja ya simu. Alikuwa na macho, na alikuwa ameishi na watu.

Ama simu ilimfundisha nini? Ilimfundisha simu. Programu ile ilikuwa na mwendo wake, nayo ilirudia mwendo wake, na mtoto kwa miezi miwili akauhifadhi kama anavyohifadhi jedwali la kuzidisha. Jambo hili ni la zamani katika michezo ya video. Mwaka 1986 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo uitwao Alex Kidd in Miracle World, ambamo mchezaji akifika kwa baadhi ya wakubwa wa maadui hucheza nao janken. Watoto wa siku hizo waliona tabu mpaka walipogundua kwamba kila adui hutoa mikono ile ile kwa mpango ule ule kila mara, basi wakaandikiana na kuambiana. Walikuwa wamehifadhi maandishi ya mtu aliyeitunga programu. Ukimpeleka bingwa wa mchezo huo stesheni ya Uchindile, hana alichochukua mkononi isipokuwa majina ya maadui wasiokuwepo.

Na mashine iliyoweza kumshinda binadamu kweli kweli haikumshinda kwa kumsoma. Mwaka 2012 watu wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha mkono wa roboti unaoshinda janken mara 100 katika 100. Siri yake ni kamera. Inaiona mikono yako inavyoanza kujikunja, na kabla hujamaliza kuitoa, nayo imeshatoa ya kukushinda, kwa upesi ambao jicho lako haliwezi kuudiriki. Katika madrasa yetu mtoto anayengoja kuona mwenziwe ametoa nini ndipo atoe, tuna jina lake, na hatumwiti bingwa.

Nisidhulumu, lakini. Michezo ya video si kweli kwamba haifundishi kitu. Mwaka 2007 ilitangazwa huko Marekani habari ya madaktari wa upasuaji 33, wale wanaopasua kwa kupitisha vyombo katika tundu dogo huku wakitazama kioo. Waliokuwa wakicheza michezo ya video zaidi ya saa 3 kwa wiki zamani, walikosea kwa asilimia 37 pungufu ya wasiocheza kabisa. Naamini ni hivyo, kwa kuwa kazi yenyewe ni jicho katika kioo na mkono katika chombo, na mchezo nao ni jicho katika kioo na mkono katika chombo. Kitu hufundisha kinachofanana nacho. Dini yetu imeruhusu zawadi katika mbio za farasi na ngamia na kulenga mishale, kwa kuwa vitu hivyo siku ya haja vilikuwa ndivyo vyenyewe, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) naye akimwachia Bibi Aisha (R.A.) awatazame. Mkuki wa mchezo na mkuki wa vita ni mkuki mmoja. Lakini simu yenye mikono mitatu iliyochorwa na mtu aliyesimama mbele yako akitabasamu, hivyo si vitu viwili vinavyofanana.

Nirudi kwenye neno la kijana, "mazoezi yangu yalikuwa bado," maana hilo ndilo linalonitia hofu kuliko zile 18,000. Mwanamke Mmarekani, mtaalamu wa nafsi, Ellen Langer, aliandika mwaka 1975 juu ya jaribio la tikiti za bahati nasibu zilizouzwa kwa dola 1. Wengine walipewa tikiti tu, wengine wakaachiwa wachague wenyewe. Kisha wakaombwa waziuze. Waliopewa walitaka, kwa wastani, chini ya dola 2. Waliochagua kwa mkono wao walitaka zaidi ya dola 8. Tikiti ni zile zile na nafasi ya kushinda ni ile ile, ila mkono umegusa, na moyo ukadhani kuwa mkono una ujuzi.

Kila aina ya kamari inaishi kwa dhana hii. Mtu akijua yakini kwamba ni bahati tupu, atacheza mara moja au mbili, atachoka. Anayemaliza mshahara ni yule anayedhani kuwa anajifunza. Nenda vijijini ukazitazame zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watu huziita dubwi. Simama kimya usikilize maneno ya wanaocheza. Hutasikia mtu anasema "nimekosa bahati." Utasikia: "nimeanza kuijua hii," "inakaribia kutema," "jana nilikosea pale mwisho." Wanazungumza kama wanafunzi wanaojiandaa na mtihani. Sheria yetu ya mwaka 2003 inayosimamia mambo haya imeyapa jina la kweli, michezo ya kubahatisha, na imewakataza walio chini ya miaka 18; lakini wachezaji wenyewe ndio wasiolikubali jina hilo. Na yule kijana, ambaye miezi miwili amezoea kusema mazoezi, mazoezi, yuko tayari kabisa kwa dubwi. Amekwisha jifunza somo la kwanza, kwamba kushindwa ni dalili ya kuwa inabidi kurudia.

Kwa hiyo nilimwambia baba asimnyang'anye simu. Alistaajabu. Nikamwambia, mwache acheze, lakini mnyang'anye neno. Akitaka kucheza aseme, "Baba, nataka kucheza," na wewe umwambie muda wake, mpaka alasiri au mpaka maghribi, kama unavyomwambia akitaka kwenda mpirani. Mchezo hauhitaji udhuru. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, mara ya kwanza akashindwa, na baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, akamshinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Hapakuwa na vita mbele yao wala zawadi. Ilikuwa ni mchezo wa watu wawili wanaopendana. Mchezo unaoitwa mchezo una mwisho. Mtu huchoka, huinuka, huenda zake. Mchezo unaoitwa mazoezi hauna mwisho, kwa sababu hapana siku mtu atakayosema nimekwisha kujua.

Likabaki jambo la fedha, na hapa baba alikuwa amekwisha samehe moyoni, akasema, "Aliyepata amepata, sheikh, ndiyo mchezo." Nikamwambia la. Zile 18,000 si za mtoto. Ni zako, na mtoto alikuwa ni wakili uliyemtuma kulipa deni. Wakili akiipeleka mali pasipo pale alipoagizwa, dhamana iko juu yake, na kwa kuwa amekwisha baleghe, atakulipa, hata kama ni kwa kibarua cha kupalilia miche wakati wa likizo. Na deni la mbegu bado ni deni lako, mwenye mbegu hahusiki na stesheni. Ama yule wa Mlimba, mali aliyoichukua haikuwa yake saa alipoichukua na haikuwa yake saa alipoitumia, na unayo haki ya kuidai kwake vilevile.

Baba akaniambia kwamba atakataa. Atasema hakubahatisha, alimsoma mtoto na akamjua, basi amekula kwa ujuzi wake. Nami naona ni kweli alimsoma. Lakini Minhaji ile ile iliyoipunguzia ukali sataranji kwa kuwa ni mchezo wa fikra, papo hapo imesema kwamba mali ikiwekwa kutoka pande zote mbili imekuwa kamari. Bingwa wa sataranji hatahalalishiwa mali hiyo kwa ubingwa wake, sembuse mtu wa jiwe na karatasi. Baba anamfahamu mjomba wake mmoja hapo Mlimba, mtu wa msikitini, na treni ya kushuka aliyokwenda nayo ndiyo hiyo niliyosafiri nayo mimi. Tuliachana pale stesheni ya Mlimba, akashika njia ya kwa mjomba.